Likizo Huandikwa kwa Penseli

Ninyi vijana mliozaa juzi na leo mnalalamika kwamba likizo kubwa haiishi, vuteni viti mkae. Mimi ni Kalumba, mzee wa reli. Sikuwa mwalimu, sikusomea mambo ya watoto mahali popote, na wanaume wenzangu wa mtaa huu wa Kampemba walinicheka waziwazi waliponiona asubuhi nimejifunga kitenge kiunoni nikikoroga uji. Wengine waliniita Mama Kalumba. Maji ya moto hayachomi nyumba. Niliitikia jina hilo, nikaendelea kukoroga.

Kila mwaka shule zikifungwa nasikia maneno yaleyale. Kwamba mtoto akikaa nyumbani likizo nzima anaharibika. Kwamba lazima apelekwe mahali, alipiwe, afungiwe. Kwamba nyumba isiyo na mwanamke haiwezi kulea. Mimi nasema ni uongo, na niliyajua haya kutoka kwenye kazi yangu ya zamani, ambayo haikuwa na mtoto hata mmoja ndani yake.

Kwenye reli waliniita régulateur. Mtu huyo haendeshi treni wala hakati tiketi. Anakaa ofisini na simu na karatasi pana, anaamua treni ipi ipite na ipi isubiri. Reli yetu ni ya njia moja. Treni inayopanda kaskazini na ile inayoshuka zinakanyaga chuma kilekile, na haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya pembeni. Moja inaingia pembeni, inangoja, nyingine inapita. Basi hakuna treni iliyotoka stesheni bila kuomba njia. Mkuu wa stesheni ananipigia simu, anauliza kama iko wazi, “Njia iko libre?” Mimi natazama karatasi yangu, namjibu, “Libre,” au namjibu, “Iko na muntu, ngoja.” Maneno hayo mawili yalinilisha mimi na mke wangu Astrida, yakasomesha watoto wetu.

Aliyenifundisha ni Tata Kitenge, mzee wa kaskazini, mfupi, mwenye sauti ya padri na ulimi wa muuza samaki. Siku yangu ya kwanza nilichora treni zote za siku kwa biki, kalamu ya wino usiofutika, mistari imenyooka, rangi mbili. Nilikuwa najivunia. Alitazama kazi yangu huku anatafuna muhogo, kisha akaichana taratibu kama mtu anayechambua mboga.

“Mwana,” akaniambia, “reli, habaiandikake na biki.”

Akanipa penseli na kifutio. Kifutio kilikuwa kikubwa kuliko penseli. Nilidhani ananidharau, na nilinuna mpaka mchana. Mchana huohuo treni ya kwanza ilichelewa kwa sababu mbuzi wa watu walilala relini, ya pili ikachelewa kwa sababu ya kwanza imechelewa, na mimi nikafuta na kuchora upya mpaka vidole vikawa vyeusi. Hapo nikaelewa kwa nini kifutio kilikuwa kikubwa.

Alikuwa na neno jingine ambalo alilirudia kama rozari: “Train ya kuchelewa haiko mubaya. Mubaya njo ile inakuya bila kusema.” Nalishika mpaka leo. Mkichukua neno moja tu kwangu, chukueni hilo.

Sasa watoto. Binti yangu Judith anapika kwenye kantini ya mgodi mmoja huko upande wa Kolwezi. Anakwenda kwa wiki kadhaa, anarudi siku chache, analala, anafua, anaondoka tena. Mume wake Célestin anaendesha lori, leo Kasumbalesa, kesho Zambia. Watoto wao watatu wanakaa kwangu: Dorcas, msichana mkubwa, mwenye akili ya karani, Exaucé, wa katikati, anayependa mpira na televisheni kuliko chakula, na Bénie, kitinda mimba, ambaye hajaanza shule ya msingi na tayari anabishana na mapadri. Aliyewalea ni Astrida. Sote wawili wanatuita nkambo, lakini mimi nilikuwa babu tu, nakaa kwenye kiti, napewa chai.

Astrida alitutoka mwishoni mwa mvua. Sitaki kusema mengi juu ya hilo. Nilikuwa naweka vikombe viwili mezani kila asubuhi, na Dorcas alikuwa anakirudisha kimoja kabatini.

Shule zilipokaribia kufungwa, familia ikakaa kikao. Upande wa baba wa watoto ulikuja na dada yake Célestin, Mireille, ambaye watoto wanamwita tantine. Ni mama wa Kikasai, mfanyabiashara, ana nyumba nzuri mtaa wa Karavia. Simsemi vibaya. Mikono yake haikai bure, na wakati wa msiba ndiye aliyepika siku zote. Lakini alikuwa ameshapanga kila kitu. Bénie aende kwake Karavia, Exaucé aende Likasi kwa baba yake mdogo, Dorcas aende kwa jamaa mmoja Kasungami mwenye mashamba. Likizo kwanza, na wakizoea, wabaki hukohuko na shule. Célestin kwenye simu alisema, “Tantine aangalie, miye niko barabarani.” Judith alikuwa analia, hakuweza kusema ndiyo wala hapana.

Nikasema hapana. Walinitazama kama mtu aliyekohoa kanisani. Mireille akaniuliza kwa upole nitafanyaje, mwanaume mzee peke yake, na watoto siku nzima nyumbani. Nikamwambia ng'ombe haelemewi na nunduye. Wakabishana, wakanywa soda, mwisho wakanipa mpaka sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, katikati ya Agosti. Mireille angepita kuangalia. Akiona mambo hayaendi, siku ya sikukuu anakuja na gari.

Niliogopa, nawaambieni ukweli. Si kuwaogopa hao. Niliogopa nyumba ile bila sauti za watoto, na niliogopa zaidi kwamba watoto watatu waliokwisha kumpoteza nyanya yao watapotezana wao kwa wao.

Judith, kabla ya kurudi kazini, alitengeneza programu akaibandika kwenye mlango wa jikoni. Ilikuwa nzuri, ya rangi, aliitoa kwenye simu na kuichapisha mjini. Saa hii kusoma, saa ile kuchora, saa nyingine kulala. Msimcheke. Mama aliye mbali anahitaji kushika kitu. Lakini ilikuwa imeandikwa kwa biki, mnanielewa.

Haikumaliza wiki. Bomba letu lilikuwa kavu kwa siku kadhaa, kama mnavyolijua bomba la Kampemba, na asubuhi moja maji yakaja, yakilia na kukohoa kwenye bomba la uani. Mimi nilikuwa nimetoka kununua makala, makaa ya kupikia. Dorcas aliyasikia. Alitazama mlangoni, karatasi ikasema huu ni muda wa kusoma, basi akawakalisha wenzake, wakasoma. Walisoma vizuri sana. Niliporudi na mfuko wa makala kichwani, bomba limeshanyamaza na madumu yote ya njano yamekaa chini, matupu. Jioni ile tuliogea ndoo moja watu wanne, na wa mwisho nilikuwa mimi. Sikumgombeza. Mtoto alitii. Kosa lilikuwa la karatasi.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaibandua, nikaigeuza nyuma, nikatafuta penseli. Na hapo, nikiwa nimekaa mezani na watoto watatu wananichungulia begani, nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona zamani. Nyumba yetu ina meza moja. Ina televisheni moja, choo kimoja, mpira mmoja, mbabula moja, jiko la makaa. Ni njia moja. Watoto watatu kwenye njia moja, bila shaka watagongana. Hawahitaji saa. Wanahitaji régulateur.

Nikachora mstari mrefu na stesheni kubwa tatu: uji wa asubuhi, bukari, yaani ugali wetu wa mchana, na maji ya kuoga jioni kisha sala. Hapo kila treni inasimama, hata kama inatoka mbio. Hatuli kila mtu kivyake, hatulali bila kunawa miguu ya vumbi. Katikati ya stesheni, nikawaambia, pangeni wenyewe. Kusoma, kucheza, kufagia, kumwagilia mboga ya lengalenga, kulala mchana. Kila siku lazima kila kitu kipite, lakini kipi kinatangulia ni shauri lenu. Sharti moja: hakuna anayeondoka kwenye kitu kimoja kwenda kingine bila kuomba njia.

Exaucé aliona ni mchezo wa kitoto. Bénie aliuchukua kama dini. Siku ya kwanza alikuja mbio, magoti yamebanana, anarukaruka.

“Nkambo, naomba njia ya kwenda ku toilette.”

Nikamuuliza kama ameuliza mlangoni. Exaucé alikuwa ndani, na gazeti langu. “Iko na muntu,” nikamwambia, na Bénie akageuka akapiga mlango wa choo kwa ngumi mbili mpaka kaka yake akatoka. Kutoka siku hiyo Exaucé naye akaanza kuomba njia, maana aliona faida yake.

Sikilizeni sasa mambo ya kazi, kwa sababu ndiyo mliyokuja kutafuta.

Maji ni treni ya shaba. Kwenye reli, treni ya madini ikija, wote mnaingia pembeni, hata treni ya abiria yenye bwana harusi ndani. Maji yakilia bombani, kitabu kinafungwa, mpira unawekwa, kila mtu dumu lake. Bénie ana kopo la maziwa, anajaza na yeye. Yakiisha kujaa, kila mmoja anarudi alipoishia. Siku nyingine bukari inachelewa kwa ajili hiyo. Ichelewe. Nasema kwa sauti, “Bukari inachelewa,” wote wanasikia, na hakuna anayelia njaa, kwa sababu mtoto hasumbuliwi na kuchelewa. Anasumbuliwa na kutojua.

Umeme nao hauna adabu, unakuja ukitaka. Ukija, kwanza simu zinachajiwa na nguo zinapigwa pasi, kisha televisheni. Siikatazi. Mnaoficha rimoti kabatini mnawafundisha watoto kuiba rimoti. Mimi naiacha ipite kama treni nyingine yoyote, na ikifika stesheni ya bukari inasimama. Exaucé alijaribu kubisha. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe aliomba njia “mpaka bukari,” na neno lake liko kwenye karatasi kwa mkono wake. Akazima.

Asubuhi za Julai baridi inakata masikio, mnaijua. Wazazi wengine wanawatoa watoto kitandani gizani eti nidhamu. Kwa nini? Mwacheni mtoto alale mpaka jua liguse ukuta. Kisha aje kwenye mbabula na sweta lake, anyooshe mikono, anywe uji, aseme ameota nini. Kufagia uani kunafanyika kabla upepo wa Agosti haujaamka, si kwa sababu ya saa, ila kwa sababu ukifagia baadaye unafagia vumbi la jirani. Mtoto anaelewa sababu ya namna hiyo.

Na msimpe mtoto mmoja cheo cha kuwaamulia wenzake, wala msiwaache wote wawe wapole kupita kiasi. Niliwahi kuwa na wakuu wawili wa stesheni, Wakristo safi, kila mmoja anamheshimu mwenzake. Treni ya huku ikaingia pembeni kuipisha ya kule, ya kule nayo ikaingia pembeni kuipisha ya huku. Zilikaa hivyo mpaka abiria wakashuka wakaanza kuchoma viazi vitamu. Mimi ofisini nashangaa njia ni nyeupe, tupu, na hakuna kinachotembea. Dorcas na Exaucé walinifanyia vilevile siku moja na mpira, “anza wewe,” “hapana, anza wewe,” mpaka jua likashuka. Lazima awepo mtu wa kusema, wewe nenda.

Kosa lililo baya zaidi ni lile alilolifanya mkaguzi mmoja aliyetumwa kutunyoosha. Alichukua simu yangu kwa nguvu, akaipa njia treni ambayo haikuomba. Ilikuwa imepangwa kutoka muda ule, basi itoke. Kumbe kichwa cha treni kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, mabehewa yamekaa pale bila wa kuyavuta. Njia ikawa yake asubuhi nzima, na wengine wote wakakaa. Tata Kitenge alingoja mpaka mkaguzi ametoka, kisha akaniambia kwamba njia hapewi anayepelekwa, anapewa anayeomba, na anayeomba lazima yeye mwenyewe aseme, niko tayari. Nililichukua kama jambo la mafundi. Sikujua litanifaa uzeeni.

Njia ya pembeni pia tulikuwa nayo. Ni mkeka kwenye ukuta wa mashariki, pale jua linapopiga. Mtoto aliyekasirika, au anayesema hana la kufanya, anakwenda pale na haulizwi kitu. Anatoka akisema niko tayari. Mnaogopa sana mtoto asiyefanya kitu, ninyi. Mnamwona amekaa kidogo, mnamtupia simu mkononi. Treni iliyosimama pembeni haijaharibika.

Asubuhi moja Exaucé alilala kwenye mkeka ule tangu uji, uso ukutani, na jua likapanda, hakutoka. Nikavunja sheria yangu, nikaenda kukaa karibu naye. Akasema bila kugeuka, “Nkambo Astrida alikuwaka anatupikia mikate, vacances ikianza.”

Sikuwa najua. Miaka yote hiyo nilikuwa nakula mikate ile ya kukaanga na sikujua ina siku yake, ya kuanza likizo. Nikamwambia anyanyuke twende tukapike. Kusoma, kufagia, vyote nikavifuta. Dorcas akasema anakumbuka unga na hamira, Bénie akasema anakumbuka sukari. Mafuta yakawa moto kupita kiasi, mikate ikatoka myeusi nje na mibichi ndani, jikoni kukajaa moshi, na sisi wanne tukawa tunacheka na machozi yanatoka, na mimi yangu hayakuwa ya moshi peke yake.

Mireille alichagua kuingia wakati huo.

Alimkuta Bénie na nguo za kulalia, unga mpaka kwenye nyusi. Exaucé alikuwa amerudi kujinyoosha kwenye mkeka, mkate mbichi mkononi. Ua haujafagiwa. Mimi nimejifunga kitenge cha marehemu. Alisimama, akatazama yote hayo, na najua alichokiona.

“Tata Kalumba,” akasema, “hii iko programme ya namna gani? Batoto iko paka vile, ovyo tu.”

Nikamwambia leo treni zote zimepisha moja. Hakuelewa, na sikueleza. Alikaa kidogo, akala mkate mmoja kwa heshima, nao ulikuwa mgumu kuumeza. Akaaga akisema sikukuu haiko mbali.

Rafiki yangu Donatien, fundi mitambo wa zamani, alinishauri nijiandae. Siku ya sikukuu, akasema, wapigie watoto nguo pasi, wakalishe mezani na vitabu tangu asubuhi, na ile karatasi ya rangi irudi mlangoni. Tantine ataona, ataridhika, ataenda. Ushauri wa busara. Nilikataa. Kama watoto wanafaa kukaa kwangu kwa maigizo tu, basi siku ya pili ya maigizo tutashindwa. Na sikutaka watoto wangu wajifunze kwamba maisha yetu ni kitu cha kuficha mgeni akija. Donatien akatikisa kichwa, akasema mimi kichwa changu bado ni cha chuma.

Sikukuu ikafika. Tulikwenda misa ya kwanza, tukarudi. Upepo ulikuwa umeanza, anga jekundu kwa vumbi. Dorcas aliomba njia ya kumsuka Bénie. Nikampa. Exaucé aliomba kumwagilia lengalenga na maji ya kunawia, nikampa. Mimi nikaweka sombe, majani ya muhogo, kwenye mbabula.

Gari likasimama nje. Mireille akaingia amevaa kitenge cha sikukuu, na mifuko mipya mitatu ya nguo, kila mmoja na jina la mtoto. Alikuwa amejiandaa kwa mapenzi, nililiona hilo. Akanisalimia, akaniambia Célestin amekubali, na dereva ni wa kuazima, hana muda. Kisha akamwita Bénie apande gari.

Bénie alisimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa, nusu nyingine ya nywele imesimama kama moto. Hakwenda kwenye gari. Alikuja kwangu, kwenye mbabula.

“Nkambo, tantine anasema twende. Njia iko libre?”

Nikatazama uani. Chungu juu ya makala. Exaucé na kopo la maji, katikati ya mstari wa mboga. Dorcas na kitana mkononi. Nikajibu kwa sauti ya ofisini, “Iko na muntu, ngoja.”

Nilitegemea Mireille akasirike. Badala yake alitazama kile kichwa. Mwanamke wa namna yake hawezi kutembea mjini na mtoto aliyesukwa nusu. Afadhali atembee na viatu tofauti. Akapiga ulimi, akakaa kwenye kigoda, akachukua kitana kutoka kwa Dorcas, akamweka Bénie kati ya magoti yake. Na akasuka, jamani. Mistari myembamba, imekaza, inang'aa kwa mafuta, na shanga kwenye ncha. Kwa muda ule mimi nikapika, Exaucé akamaliza mboga, akaja kuomba njia ya kuandaa meza, Dorcas akaomba kuleta maji. Maombi yalikuwa yanapita juu ya kichwa cha Mireille, na yeye anasikiliza, mikono haisimami. Dereva alipiga honi mara nyingi, kisha akachoka, akaingia, akapewa sahani.

Tulikula bukari pamoja. Kichwa kilikuwa kimekwisha. Sombe ilikuwa imekwisha. Mboga imekunywa maji. Hakukuwa na kitu tena kwenye njia, na mimi nilikuwa naomba Mungu mtu amwage kitu.

Bénie, ambaye sheria kwake ni sheria, akafuta mdomo akaja kusimama mbele yangu.

“Nkambo, kichwa kinashaisha. Njia iko libre?”

Régulateur hawezi kudanganya juu ya njia. Njia ilikuwa nyeupe. Na hapo, kutoka miaka mingi nyuma, nikasikia muhogo wa Tata Kitenge unatafunwa.

“Bénie,” nikasema, “ni weye njo unaomba?”

Akafikiri. “Hapana. Ni tantine njo anaomba.”

“Na weye, uko tayari kwenda?”

Akatikisa kichwa, na shanga alizovalishwa zikalia. Nikamuuliza Exaucé. Exaucé akasema hapana, akitazama sahani. Nikamuuliza Dorcas, ambaye maisha yake yote ametii kila karatasi na kila mkubwa. Akasimama, akachukua mikono ya wadogo zake wawili, akasema hawako tayari, hata mmoja.

Mireille alinawa mikono, akaifuta polepole kidole kwa kidole. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa uzio na mifuko yake mitatu, akasimama, akarudi nayo, akaiweka juu ya mkeka pale ukutani, maana nguo zilikuwa za watoto hata hivyo. Macho yake yalikuwa na maji. Nilimhurumia, na sikurudi nyuma.

“Na miye, Tata,” akasema. “Miye niko tayari. Njia iko libre?”

Nikasimama, kwa sababu mtu akiomba njia vizuri namna hiyo humjibu ukiwa umekaa.

“Libre, mama. Kwa ule anaomba.”

Gari likaondoka na kiti cha nyuma kitupu. Bénie akalitazama mpaka vumbi likatulia, kisha akageuka akaniomba njia ya kwenda kucheza.